TUZUNGUMZE: Banda lililofungwa ni la nani?

Siku ukienda mjini, kwenye makao makuu ya mkoa wako, angalia vizuri pembeni mwa barabara kabla hujafika sokoni. Huenda utaona ukuta mrefu au uzio wa waya. Ndani yake kuna mabanda makubwa ya bati. Kuna nguzo za umeme na tangi la maji. Getini kuna kibao ambacho maandishi yake yamefutwa na jua. Askari mzee ameketi kwenye kiti. Nyasi zimefika magotini, na mbuzi wanakula humo ndani.

Ukimwuliza yule askari, "Shikamoo mzee, hapa ni mahali gani?" atakujibu, "Marahaba. Hapa ni eneo la viwanda." Ukimwuliza viwanda viko wapi, atacheka.

Mwezi huu tuzungumze juu ya maeneo hayo. Si kila mji una eneo lililo tupu. Iko miji ambayo mabanda yake yamejaa mafundi, na kelele za mashine husikika tangu asubuhi. Lakini mabanda matupu ni mengi, na viwanja vitupu ni vingi zaidi. Ni mali ya Serikali. Maana yake ni mali yako na yangu. Kwa hiyo si vibaya tukiuliza: kwa nini ni matupu, na sasa yafanyiwe nini?

Kwanza tukumbuke yalikotoka. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali ilitaka viwanda viwe mikoani, visiwe Dar es Salaam peke yake. Mwaka 1973 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO. Shirika hilo lilijenga mitaa ya viwanda katika miji ya mikoa. Mtaa wa viwanda ni mahali palipopimwa, pakajengwa mabanda, pakawekwa barabara, maji na umeme, ili fundi akodishe banda na kuanza kazi mara moja. Mbali na SIDO, mashirika ya umma yalijenga viwanda vikubwa vyao wenyewe.

Hapa nataka tukae kidogo Morogoro, kwa sababu Morogoro ina somo kubwa.

Katika miaka ya 1970 Morogoro ilichaguliwa kuwa mji wa viwanda. Vilijengwa viwanda vya viatu, vya ngozi, vya turubai na vya nguo. Kile cha viatu ndicho kilichosemwa sana. Fedha zake zilitoka Benki ya Dunia. Kilikusudiwa kutengeneza jozi milioni 4 za viatu kila mwaka. Sehemu kubwa ya viatu hivyo, zaidi ya asilimia 80, ilikusudiwa kuuzwa nchi za nje, hasa Ulaya.

Je, kilitengeneza ngapi? Hakikupata kuzidi asilimia 4 hivi ya uwezo wake. Maana yake ni hii: katika kila jozi 100 zilizotarajiwa, zilitoka jozi 4 tu. Mwaka 1990 kilifungwa.

Watu wengi husema, "Wafanyakazi walikuwa wavivu," au, "Wakubwa walikula." Maneno hayo ni rahisi kusema. Mimi nadhani kiwanda kile kilikuwa kigonjwa tangu siku kilipochorwa kwenye karatasi. Jengo lenyewe lilichorwa kama la nchi za baridi. Kuta zake zilikuwa za alumini, na hapakuwa na njia nzuri za kupitisha hewa. Sasa fikiria jua la Morogoro la mwezi wa Januari, na wewe umo ndani ya sanduku la bati. Mashine zikiharibika, vipuri vilitakiwa kutoka nje, na fedha za kigeni hazikuwapo. Na viatu vyenyewe hutokana na ngozi. Ngozi hutoka kwa mfugaji. Wewe mfugaji unajua ngozi zetu zilivyo: zina kovu la chapa ya moto, kovu la kupe, na tundu la kisu cha mchinjaji aliyekuwa na haraka. Mnunuzi wa Ulaya huitazama ngozi ya namna hiyo mara moja tu, kisha huirudisha.

Kama fedha kidogo zingetangulia kwenye majosho, machinjio na banda la kukaushia ngozi, huenda leo tungekuwa tunasimulia mengine. Jengo lilitangulia. Ng'ombe akafuata nyuma.

Kuanzia mwaka 1992 Serikali iliamua kuuza mashirika mengi ya umma kwa watu binafsi. Viwanda vingine vilipata wenyewe wenye nia, na vinafanya kazi mpaka leo. Vingine vilipata wanunuzi wa namna nyingine. Walinunua, wakachukua hati wakaiweka benki kuwa dhamana ya mkopo, wakauza mashine kama vyuma chakavu, na jengo wakaligeuza ghala. Mwishoni mwa miaka ya 2010 Serikali ilivichukua tena viwanda kadhaa vya namna hiyo. Ndiyo maana jengo moja laweza kuwa limeitwa mali ya umma mara mbili, na mara zote mbili likiwa na kufuli.

Baadaye likaja jina jipya: maeneo maalum ya uchumi. Sheria ya kwanza ya namna hiyo, ya viwanda vya kuuza nje, ilipitishwa mwaka 2002. Nyingine ikafuata mwaka 2006. Mikoa iliambiwa itenge ardhi, kuanzia hekta 500 hadi hekta 9,000. Hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu. Kwa hiyo hekta 500 ni zaidi ya ekari 1,200. Hiyo ni ardhi ya kijiji kizima. Mwaka 2025 sheria zilibadilishwa tena, na ikaundwa mamlaka moja ya kusimamia uwekezaji pamoja na maeneo hayo. Mamlaka hiyo imekwisha kutangaza viwanja Nala huko Dodoma, Kwala katika mkoa wa Pwani, Bagamoyo, na Buzwagi karibu na mji wa Kahama.

Hapo Buzwagi pana jambo la kufikiri. Palikuwa na mgodi wa dhahabu ulioanza kazi mwaka 2009 na kusimama mwaka 2021. Dhahabu ikiisha, kwa kawaida hubaki shimo. Safari hii yamebaki pia majengo, umeme, barabara na uwanja mdogo wa ndege. Serikali ikasema pale pawe eneo la viwanda, zaidi ya hekta 1,300. Wazo ni zuri. Lakini uzio wa mgodi ulijengwa ili kuwazuia watu wasiingie. Eneo la viwanda linataka watu waingie. Kazi ngumu itakuwa hapo.

Sasa tuulize, kwa nini banda linakaa tupu?

Sababu moja ni ukubwa. Banda limejengwa likisubiri mtu mmoja mkubwa. Hajaja. Na wakati linamsubiri, wadogo hawaruhusiwi. Niliona jambo hili kwa macho yangu katika mji mmoja, jina lake siutaji. Upande mmoja wa barabara palikuwa na banda la umma, refu, limefungwa. Upande wa pili, chini ya mwembe, walikuwa vijana saba wa kuchomelea vyuma. Walitengeneza mageti, vitanda na mikokoteni ya ng'ombe. Mvua ikinyesha, kazi inasimama. Umeme walivuta kutoka dukani kwa jirani, kwa waya uliolala chini kwenye majani. Niliwauliza kama wamewahi kuomba lile banda. Mmoja akasema, "Mzee, lile ni la mwekezaji." Nikauliza, "Mwekezaji yupi?" Akasema, "Bado hajapatikana."

Ndugu msomaji, kijana yule ana mashine na ana mteja. Kazi anaijua, na kodi anaweza kulipa. Kama yeye si mwekezaji, nani ni mwekezaji?

Angalia jambo lililotokea Mbeya. Mwaka 2006 soko la Mwanjelwa liliungua. Wafanyabiashara hawakuwa na pa kwenda, wakahamia kwenye eneo la SIDO. Baada ya muda mfupi pale pakawa soko kubwa, likaitwa soko la SIDO. Hapakuhitajika matangazo ya kuwaita watu. Walijaa wenyewe. Lakini simulizi hii ina upande wa pili. Vibanda vilibanana, na mwezi wa Agosti mwaka 2017 soko hilo nalo likateketea kwa moto. Kwa hiyo sisemi tufungue geti na kila mtu ajenge kibanda chake apendavyo. Kujaza mahali ni rahisi. Kupajaza kwa mpango, pakawa na njia ya gari la zimamoto na bomba la maji, ndiyo kazi ya wakubwa wetu wa mji.

Na mwekezaji mkubwa je, akija? Aje, na akaribishwe. Lakini asiwe peke yake. Sikiliza habari za jirani zetu wa Ethiopia. Serikali yao ilijenga maeneo makubwa ya viwanda katika miji ya mikoa. Moja liko katika mji wa Hawassa, kusini mwa nchi. Lilifunguliwa mwaka 2016, likiwa na mabanda 52. Makampuni ya kigeni yaliingia, yakashona nguo za kuuzwa Marekani bila ushuru. Maelfu ya vijana walipata kazi, wengi wao wasichana waliotoka vijijini. Kisha vita vikatokea kaskazini mwa nchi. Marekani ikaiondoa Ethiopia katika mpango ule wa bila ushuru, kuanzia Januari 1, 2022. Kampuni moja kubwa ilitangaza kuondoka hata kabla ya siku hiyo kufika. Mabanda yalikuwa mazuri, umeme ulikuwapo, na vijana walikuwa wamekwisha kujifunza kazi. Lakini soko lilikuwa moja, na mlango wa soko hilo ulifungwa na mtu aliyekaa mbali. Waethiopia wakaanza kuwaita wenye viwanda wa nchini mwao waje kuchukua nafasi.

Swali langu ni dogo: kwa nini tusiwaite wa kwetu tangu mwanzo?

Hebu tufanye hesabu ya mfano. Chukua banda moja la mita 50 kwa mita 20. Hizo ni mita za mraba 1,000. Mtu mmoja wa kulichukua lote ni vigumu kumpata. Ligawe kwa kuta za matofali, utapata vyumba kumi vya mita za mraba 100. Kila chumba kiwe na mlango wake na mita yake ya LUKU. Transfoma ni moja. Vyoo ni vya pamoja. Mahali pa kupakia mizigo ni pa pamoja. Chumba kimoja kitawatosha wale vijana saba wa kuchomelea. Kingine atakaa fundi wa kukereza vyuma, ambaye ndiye atakayetengeneza vipuri vya mashine ya kusaga ya kijijini kwako. Kingine kitawekwa mashine ya kukamua alizeti. Kingine kina mama wa pilipili na achari.

Hao kina mama ni mfano mzuri. Wengi hupikia nyumbani. Chakula chao ni kizuri, lakini duka kubwa la mjini hukataa kukinunua kwa sababu hakina alama ya ubora ya TBS. Wakiomba alama, mkaguzi huja na kutazama jikoni. Anakuta watoto, kuku na moshi. Anaondoka. Si kosa la mkaguzi, kwani chakula cha kuuza kinataka chumba chake chenye sakafu inayooshwa, maji safi na nyavu za madirishani. Mama mmoja hawezi kujenga chumba hicho. Banda la umma linaweza kukitoa, na kina mama watano wakakitumia kwa zamu. Mahali pengine SIDO imefanya hivyo, na bidhaa hizo utaziona madukani.

Kodi ya pango ilipwe. Mimi siungi mkono kugawa bure. Kitu cha bure hakina wa kukifagia, na bati likitoboka kila mtu husema ni la Serikali. Lakini kodi ianze ndogo, kisha ipande kadiri kazi inavyokua. Na mkataba uandikwe kwa Kiswahili ambacho fundi anaweza kukisoma mwenyewe. Uandikwe kipengele kimoja kisichokosekana: mtu akipewa chumba au kiwanja na muda uliokubaliwa ukapita bila kuanza kazi, apewe onyo, kisha kirudi. Kipengele hicho kiwe kwa mdogo na kwa mkubwa. Naomba hasa kiwe kwa mkubwa, maana mdogo asiyefanya kazi mwezi mmoja hufukuzwa na njaa, lakini mkubwa aweza kukaa na hati miaka ishirini.

Majina ya waliopewa yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri. Hapo ndipo tutakapojua kama vyumba kumi vimekwenda kwa mafundi kumi, au kwa mashemeji kumi.

Nimesema habari za mjini muda mrefu. Sasa nirudi kwako wewe unayekaa kijijini, kwa sababu ardhi ya maeneo haya mara nyingi ilikuwa shamba lako.

Ardhi ya kijiji haiwi eneo la viwanda kwa neno la mdomo tu. Kubadilisha ardhi ya kijiji iwe ardhi ya matumizi mengine ya umma huitwa uhaulishaji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeeleza hatua zake. Kama eneo halizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hekta 250, Waziri ndiye anayeamua, lakini lazima kwanza mkutano mkuu utoe mapendekezo yake. Na uhaulishaji haukamiliki mpaka yakubaliwe haya: aina ya fidia, kiasi chake, jinsi ya kuilipa na wakati wa kuilipa. Sheria inasema fidia iwe kamili, ya haki, na ilipwe kwa wakati. Ikichelewa zaidi ya miezi sita, inadaiwa na riba. Tena sheria ya uthamini ya mwaka 2016 inasema uthamini uliokaa miaka miwili bila malipo haufai tena. Ni lazima ufanyike upya, kwa bei za siku hiyo.

Mambo haya ni muhimu kwa sababu yako maeneo ambayo watu walithaminiwa mali zao, wakaambiwa wasipande mazao ya kudumu, wasijenge, wasubiri. Wakasubiri mwaka. Wakasubiri mitano. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimelisema jambo hili zaidi ya mara moja. Kiwanda hakikujengwa, na mkorosho haukupandwa. Ardhi ikawa tupu mara mbili.

Kwa hiyo, wakija kijijini kwako watu wenye ramani, usiwafukuze. Wape viti, wape maji ya kunywa, kisha waulize. Katika wilaya yetu, je, yapo mabanda ya umma yaliyo wazi? Kama yapo, kwa nini mnataka ardhi mpya kabla hayajajaa? Maji ya kiwanda yatatoka mto gani, na sisi tutabaki na kiasi gani? Fidia imekwisha kutengwa katika bajeti ya mwaka gani? Mwenyekiti ahakikishe majibu yameandikwa kwenye muhtasari wa mkutano, na muhtasari usomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika. Ninyi mliojifunza kusoma karibuni, kazi hiyo ndiyo yenu. Someni muhtasari wenyewe, mstari kwa mstari, kabla ya kutia saini. Hata dole gumba lisiwekwe kwenye karatasi isiyosomwa.

Na diwani wako akirudi kutoka kwenye kikao cha halmashauri, mwulize habari za lile eneo lenye mbuzi. Yeye ana haki ya kupewa orodha ya mali za halmashauri. Kama eneo ni la SIDO au la mamlaka ya uwekezaji, meneja wa mkoa yupo, na ofisi yake iko wazi siku za kazi. Diwani mmoja akiuliza, ataambiwa asubiri. Wakiuliza kumi katika kikao kimoja, jambo litaandikwa.

Ndugu msomaji, ukurasa huu ungependa kupata habari kutoka mjini kwako. Siku utakayopita, simama getini dakika chache. Hesabu mabanda. Angalia kama umeme umefika, kama bati ni zima, kama barabara inapitika wakati wa masika. Mwulize askari kufuli hilo ni la ofisi gani, na lilifunguliwa mara ya mwisho mwaka gani. Waulize na mafundi walio barabarani wangeweza kulipa kodi kiasi gani kwa mwezi. Yaandike kwa maneno yako mwenyewe, hata kama ni nusu ukurasa, na uyatume. Barua zitakazofika kabla ya tarehe 15 tutaanza kuzichapa toleo lijalo, mji mmoja baada ya mwingine, pamoja na majibu ya ofisi zinazohusika yakipatikana.